Ruwenzori: theluji inapungua, lakini hatari kwa wenye kupanda haipungui

Watu wengi wa Kivu Kaskazini hawajawahi kugusa theluji, ijapo iko ndani ya jimbo lao. Asubuhi mapema, siku mawingu yanapofunguka, wakaaji wa Mutwanga na wa bonde la Semliki wanaona weupe kule juu, kwenye mpaka wa Congo na Uganda. Ni theluji ya Ruwenzori. Kilele kikubwa cha milima hiyo, Margherita, kina kimo cha mita 5,109. Ni cha tatu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya.

Weupe huo umepungua sana tangu wakati wa mababu. Mtu anaweza kufikiri kwamba theluji ikipungua, kupanda kutakuwa rahisi na hatari zitaondoka. Sivyo inavyokuwa. Theluji yenye kuyeyuka inaacha barafu tupu, inafunua nyufa na kulegeza mawe yaliyokuwa yameshikwa na baridi. Mwongozaji aliyejifunza njia miaka kumi iliyopita anakuta leo mlima mwingine.

Theluji karibu na mstari wa ikweta

Nyiragongo, mlima ambao watu wa Goma wanaujua vizuri, una kimo cha mita 3,470. Ruwenzori inaupita kwa zaidi ya mita 1,600, na si volkano. Ni kipande kikubwa cha mwamba wa zamani sana kilichoinuliwa wakati ardhi ya bonde la ufa ilipokuwa inapasuka na kushuka.

Hesabu ya baridi ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto linapungua kwa digrii 6 hivi. Wakati Beni, kwenye kimo cha mita 1,000 na zaidi, watu wako kwenye joto la digrii 25, kileleni Margherita ni karibu sifuri. Usiku inashuka chini ya hapo. Mawingu yenye kutoka msitu wa Congo yanapogonga ukuta wa milima, mvua inanyesha chini na theluji inaanguka juu. Inaweza kuanguka mwezi wowote, lakini inakuwa nyingi zaidi katika misimu miwili ya mvua: Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba.

Wakonjo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Congo walikuwa na jina la kitu hicho cheupe kabla mgeni yeyote hajafika: nzururu. Rwenzururu ni mahali pa theluji. Katika imani ya wazee, kule ndiko anakokaa Kitasamba, na mtu hakupanda ovyo. Mtu akubali imani hiyo ao asiikubali, ndani yake kuna onyo lenye maana: juu kule mwanadamu ni mgeni.

Kilichobaki tangu mwaka 1906

Mwezi wa Juni 1906, Luigi Amedeo wa Savoia, mtemi wa Abruzzi kutoka Italia, alifika kwenye Margherita pamoja na waongozaji wa Courmayeur, mji wa milima ya Alps. Walipima na kuchora ramani ya vilele. Wakati huo barafu ya kudumu ilikuwa kwenye milima sita ya Ruwenzori: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6.

Watafiti waliopima tena mwaka 2003 walikuta imebaki karibu kilomita moja ya mraba. Barafu ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imekwisha kabisa. Iliyobaki ilikuwa kwenye Stanley, Speke na Baker, na tangu hapo imeendelea kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za mwisho za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia zinaweza kuwa zimekwisha kufika mwaka 2050.

Upande wa Congo, eneo hilo liko ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Upande wa Uganda kuna hifadhi ya Rwenzori, iliyoandikwa mwaka 1994. Kilele cha Margherita kiko juu ya mpaka wenyewe. Jirani yake, kilele cha Albert chenye mita 5,087, kiko Congo.

Poromoko la theluji linavyotokea

Hatari ya theluji yenye kujulikana zaidi duniani ni poromoko. Nchi zenye kuzunguka Alps zinapoteza watu karibu mia moja kila mwaka juu yake, na huko ndiko lilikochunguzwa sana. Mji wa Davos, Uswisi, una taasisi ambayo kazi yake ni theluji na maporomoko. Mwaka 2018 UNESCO iliandika ujuzi wa Uswisi na Austria wa kujilinda na maporomoko kati ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Mtu asiyejua anafikiri theluji ni kitu kimoja, sawa na unga ndani ya gunia. Kumbe imepangwa kwa matabaka, kama mikate ya chapati iliyowekwa moja juu ya nyingine. Kila mvuto wa hewa, kila jua na kila usiku wa baridi unaacha tabaka lake. Tabaka moja likiwa dhaifu, chembe zake hazishikamani, na zile za juu zinakaa bila msingi. Siku mtu anapokanyaga pale, tabaka dhaifu linavunjika, ufa unakimbia kuvuka mteremko, na bamba zima la theluji linateleza pamoja naye.

Miteremko ya digrii 30 mpaka 45 ndiyo yenye kuua zaidi. Penye kulala chini ya hapo theluji inabaki mahali pake, na penye kusimama sana inaanguka kidogo kidogo kabla haijawa nyingi. Jambo la kushangaza ni hili: mara tisa katika kumi, bamba lililomfunika mtu lilivunjwa na yeye mwenyewe ao na mwenzake wa safari. Mlima haukumfuata.

Mwenye kufunikwa hana wakati. Uchunguzi wa Uswisi uliotolewa mwaka 2024, juu ya ajali za miaka karibu 40, ulionyesha kwamba ndani ya dakika 10 za kwanza watu tisa katika kumi wanaofukuliwa wanakuwa bado hai. Ikifika dakika 30, ni watu watatu hivi katika kumi. Theluji ikisimama inakuwa ngumu kama simenti, na mtu anakosa hewa. Ndiyo sababu kila mmoja wao anabeba vitu vitatu: kifaa kidogo chenye kutoa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchoma theluji, na koleo. Wenye kuokoa wa kwanza ni wale mliokwenda nao, sababu helikopta inakuja wakati dakika 10 zimekwisha kupita.

Huko kuna pia taarifa ya kila siku, yenye ngazi tano za hatari ambazo Ulaya imetumia kwa pamoja tangu mwaka 1993. Ngazi ya tano ni hatari kubwa kupita zote. Lakini Uswisi karibu nusu ya vifo vinatokea siku za ngazi ya tatu. Siku ya tano kila mtu anabaki nyumbani. Siku ya tatu anasema moyoni: iko katikati, nitapita.

Je, Ruwenzori ina maporomoko?

Theluji ya Ruwenzori haifanani kabisa na ya Alps. Inaanguka ikiwa na maji, karibu na digrii sifuri, na kwa hiyo inashikamana upesi. Mchana inayeyuka, usiku inaganda. Majira marefu ya baridi kali, yenye kutengeneza tabaka dhaifu kwa wiki nyingi, hakuna. Mabamba makubwa ya namna ya Alps si hatari ya kwanza hapa.

Hata hivyo, kuna hali mbili za kuogopa. Ya kwanza ni theluji mpya juu ya barafu ngumu. Ikianguka nyingi usiku kwenye mteremko wenye kupita digrii 30, inakuwa kama mchanga uliomwagwa juu ya bati. Kanuni ya dunia nzima inasema kwamba saa 24 za kwanza baada ya theluji nyingi ndizo mbaya zaidi. Poromoko halihitaji kuwa kubwa: likimsukuma mtu mita kumi tu mpaka kwenye ufa ao ukingo wa mwamba, imetosha.

Ya pili ni theluji yenye kuning'inia kwenye migongo ya milima. Upepo wenye unyevu unajenga mapaa ya theluji yanayotokeza nje ya ukingo, na chini yake hakuna kitu. Wapandaji wa mwaka 1906 waliyakuta makubwa sana, yakiwa yameshikiliwa na nguzo za barafu. Mwenye kutembea juu anaona sakafu nyeupe imenyooka, hajui kwamba mwamba ulikwisha hatua tatu nyuma. Chini ya paa hilo pia si mahali pa kupumzika, zaidi wakati jua limeanza kulipiga.

Nyufa, barafu tupu na mawe

Kwenye mlima Stanley, hatari ya kila siku ni nyufa. Barafu ya kudumu inashuka polepole, na pahali inapopinda inapasuka. Theluji ikifunika ufa inatengeneza daraja ambalo jicho halilioni. Alfajiri daraja hilo limeganda na linaweza kubeba mtu. Saa sita ya mchana limelainika, na mtu huyohuyo linamwangusha.

Juu ya hiyo, waongozaji wanaondoka usiku wa manane, wanafika kileleni asubuhi, na wanataka kuwa wameacha barafu kabla ya mchana. Wanatembea wamefungwa kamba moja, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake mita kadhaa, na kamba haiachwi kulegea. Ikilegea, mwenye kuanguka anapata mwendo kabla wenzake hawajajua, na anaweza kuwavuta wote.

Hapa ndipo kupungua kwa theluji kunapogeuza mambo. Theluji laini inashika mguu. Barafu tupu haishiki kitu. Anayetembea juu yake anahitaji meno ya chuma yenye kufungwa chini ya viatu, na shoka la barafu mkononi, na awe amejifunza kulitumia kabla ya siku hiyo. Barafu inaposhuka kimo, inaacha ukuta wa mwamba uliokuwa umefichwa, na njia ya zamani inakatika. Ndiyo sababu ngazi za chuma na kamba zimewekwa kwenye njia ya Margherita, na njia yenyewe imepaswa kusogezwa.

Mwamba uliofunuliwa nao si wa kutumainia. Maji yanaingia mchana ndani ya pasuko zake, usiku yanaganda na kuusukuma, kesho yake jiwe linaanguka. Barafu nene nayo inaweza kuvunjika yenyewe. Tarehe 3 Julai 2022, kwenye mlima Marmolada nchini Italia, kipande kikubwa cha barafu kilikatika mchana, siku za joto kali, kikaua watu 11 waliokuwa njiani. Haukuwa wakati wa theluji nyingi. Ulikuwa katikati ya kiangazi.

Ukungu, baridi na hewa nyembamba

Ruwenzori inafunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Ukungu ukishuka juu ya theluji, chini na juu vinakuwa rangi moja. Mtu hajui kama anapanda ao anashuka. Alama za miguu zinafutika kwa dakika chache. Wengine wanaweka vijiti vyenye kitambaa chekundu wakiwa wanapanda, ili wavifuate wakati wa kurudi.

Baridi inaua polepole, na inaanzia chini, kwenye matope. Njia ya Mutwanga inapita msituni, kisha kwenye mianzi, kisha kwenye mabwawa ya majani marefu. Anayefika juu na nguo zilizolowana amekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake. Kwanza anatetemeka. Kisha anaanza kusema maneno yasiyopangika, anajikwaa, anasema hasikii baridi tena. Kutetemeka kukikoma bila mtu kuwa amepashwa joto, hali imekuwa mbaya: apewe nguo kavu, akingwe na upepo, na ashushwe.

Hewa nayo ni nyembamba. Kwenye mita 5,000 mtu anapata karibu nusu ya oksijeni anayoipata kwenye usawa wa bahari. Kichwa kinauma, chakula hakishuki, usingizi unakimbia. Akianza kuyumba kama mlevi, ao kukohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, dawa ya kweli ni moja: kushuka, hata kama ni usiku. Waganga wa milima wanashauri kwamba, kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Njia ya Congo ina vibanda vya kulala Kalonge, kwenye mita 2,138, Mahangu, kwenye mita 3,310, na Kiondo, kupita mita 4,200. Kati ya Mahangu na Kiondo peke yake kuna karibu mita 900. Kuongeza usiku mmoja Mahangu si uvivu.

Macho nayo yanasahauliwa. Theluji mpya inarudisha juu mpaka asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua, hata penye ukungu mwepesi. Mtu asiye na miwani ya giza anaweza kuamka usiku macho yakimwaka kama yametiwa pilipili, na kesho yake hawezi kuona njia ya kushuka.

Nani anabeba hatari?

Ruwenzori haina taarifa ya theluji ya kila siku kama ile ya Davos. Ujuzi uko ndani ya macho ya waongozaji na wabeba mizigo, vijana wa vijiji vya chini ya mlima, pande zote mbili za mpaka. Wao wanapita pale mara nyingi kuliko mgeni yeyote, wakiwa na mzigo mgongoni, na mara nyingi wakiwa na viatu vibaya kuliko vya yule wanayemwongoza.

Dunia ilikwisha kuona mwisho wa jambo hilo. Tarehe 18 Aprili 2014, barafu ilianguka kwenye njia ya Everest na kuua watu 16. Wote walikuwa Wanepali, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza njia na kubeba vitu kwa ajili ya wapandaji wengine. Aliyelipa ili afike kileleni anapita mahali pabaya mara chache. Mwenye kulipwa ili amfikishe anapita mara nyingi.

Upande wa Congo kuna shida nyingine. Vita na mashambulizi katika eneo la Beni vimefukuza wageni kwa miaka mingi. Njia isiyotembelewa inapoteza wajuzi wake: wazee wanachoka, vijana wanatafuta kazi nyingine, na hakuna anayefuata mabadiliko ya barafu mwaka kwa mwaka. Siku amani itakaporudi na wageni watakapogonga mlango wa Mutwanga, kuongoza mtu juu ya theluji kwa kumbukumbu ya zamani kutakuwa hatari kubwa.

Mambo ya kuangalia kabla ya kukanyaga weupe

Miezi ya kavu, Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Agosti, ni bora. Haiondoi mvua, inaipunguza tu.

Kama theluji nyingi imeanguka usiku, ni heri kungoja siku moja. Kama imesikika sauti nzito chini ya miguu, kama kifua kinachoshuka, ao ufa mdogo umekimbia mbele ya kiatu, mteremko umekwisha kusema. Kinachobaki ni kurudi kwa njia mliyojia. Penye kupaswa kuvuka mahali pabaya, anavuka mmoja mmoja, wengine wakimwangalia.

Kabla ya kuondoka, saa ya kugeuka ikubaliwe na wote. Ikifika, wanageuka, hata kama kilele kiko karibu na hata kama mgeni ametoka mbali na amelipa pesa nyingi. Uamuzi huo uwe mkononi mwa mwongozaji. Na kabla ya mizigo kufungwa, viatu, nguo za mvua na miwani ya wabeba mizigo vihesabiwe pamoja na vya wageni.

Watafiti wanasema maji yenye kutoka kwenye barafu ni sehemu ndogo sana ya mito ya Ruwenzori, chini ya asilimia 2 kwa mto Mubuku wa Uganda. Mvua ndiyo yenye kuijaza. Mashamba ya chini hayatakauka juu ya kuisha kwa barafu. Kinachopotea ni kitu kingine: weupe ulioipa milima jina lake, na kazi ya watu wanaojua kutembea juu yake. Miaka iliyobaki, barafu itaendelea kubadilika kila msimu. Mwenye kupanda aulize kwanza mtu aliyeshuka jana.